Kipima Valvu cha Baba Mdogo Modesti

18 Novemba 2024

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Jioni baba mdogo Modesti amenipigia simu, jambo ambalo halifanyi mara mbili kwa mwaka, akasema ukuta wa stoo yake umelala na kama nakitaka "kile kitu" nikichukue leo hii, la sivyo kesho anawapa watu wa vyuma chakavu. Hakukitaja jina. Kwenye ukoo wetu hakuna anayekitaja.

Nikitaje mimi basi, maana daftari ni langu. Ni kipima valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. Vinawaka kama kaa, na kimoja kikichoka redio nzima inanyamaza. Kipima valvu ni sanduku la chuma lenye matundu juu na mshale wa kusomea. Unachomeka valvu, mshale unakwambia ni nzima au imekufa. Baba yangu Raymond na mdogo wake Modesti walikuwa nacho kwenye karakana yao hapa Milanzi, na watu walileta redio kutoka Laela mpaka Kate. Mwaka 1988 kilimuua baba. Nilikuwa na miaka minane.

Mama anasema kilichomuua ni uzembe wa Modesti, kwa sababu ndiye aliyekitengeneza wiki ile na akasahau kuunga waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini ukipotea njia. Modesti mwenyewe alikiri mbele ya wazee. Siku ya msiba ukoo ukakifunga kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akakaa nao Mama. Miaka thelathini na sita Mama hajamsalimia shemeji yake. Wanasali kanisa moja, kila mtu na upande wake.

Nimekipakia kwenye bajaji nikakileta kibandani kwangu. Mimi ni fundi simu, na simu haijaua mtu. Lakini huo waya uliosahaulika nataka niuone kwa macho yangu.

19 Novemba

Mama kajua. Milanzi hii huwezi kubeba hata ndoo bila kutangazwa. Kasema kikiingia nyumbani yeye anatoka. Nimemwambia kiko kibandani. Kasema vizuri, basi na kibandani hatakanyaga. Hakula jioni.

23 Novemba

Nimepanda mahindi. Mgongo.

27 Novemba

Baba mdogo kaja kibandani, anapapasa mlango, maana macho yana mtoto wa jicho na hataki kusikia habari ya hospitali. Nilidhani kaja kunikataza. Kakaa juu ya ndoo, kaniambia kama siwezi kuzuilika basi nifuate njia yake, neno kwa neno.

Nisichomeke kitu ukutani mpaka nimekagua kila waya. Kapasita zote za karatasi ni za kutupa, zimezeeka, zinavujisha. Na kapasita ni kitu kisaliti: umeme umeshauchomoa, umekunywa na chai, yenyewe bado imeuficha tumboni inakusubiri. Kwa hiyo kwanza unaimwaga kwa rezista, inayobana umeme upite polepole, iliyofungwa kwenye kijiti kikavu, halafu unapima kwa mita, halafu ndipo unagusa. Na siku nitakayoiwasha mashine ikiwa wazi, nifanye kazi kwa mkono mmoja.

"Wa kushoto mfukoni," kasema. "Umeme ukitoka mkono huu kwenda mkono ule, njia yake ni moyo."

Nikamwambia sketi yangu haina mfuko. Kasema nishone.

Huyu mzee ana maneno yote hayo kichwani, halafu akasahau waya wa ethi? Simwelewi. Wala simpendi sana, nikisema kweli. Mtu aliyekiri kirahisi vile ana jambo.

5 Desemba

Nimekata kufuli kwa msumeno. Kumwomba Mama ufunguo sikuthubutu.

Nimefungua skrubu kumi na mbili, nimepuliza vumbi, nimeondoa buibui. Waya wa ethi upo.

Upo. Umechomelewa kwa risasi safi, duara kama punje ya ulezi, na umekazwa kwenye chuma cha sanduku kwa nati mbili. Nimeuvuta haukutikisika. Nimeupima kwa mita mara tatu. Tangu 1988 hakuna mkono ulioingia humu, mnyororo ndio shahidi. Kwa hiyo baba mdogo hakusahau kitu chochote, na ukoo mzima umemhukumu kwa kosa ambalo halipo.

6 Desemba

Nimemwambia. Nilitegemea atafurahi, mjinga mimi. Kanijibu kwamba nimeona vibaya. Nikamwuliza kati yangu na yeye nani mwenye mtoto wa jicho. Kainuka, kaondoka, na chai kaiacha.

11 Desemba

Mvua. Umeme hakuna. Wateja hakuna.

20 Desemba

Karudi kama vile hakuna kilichotokea, na mimi nikajifanya hivyo hivyo. Kapasita mpya zimefika na basi kutoka Dar. Tumebadilisha tisa leo. Yeye haoni, lakini vidole vinaona: anagusa rezista na kuniambia ipo wapi kwenye ramani yake ya zamani ya nyaya, na hakosei. Waya wa ukutani ulikuwa mpira uliopasuka, unamomonyoka kama mkate mkavu. Nimeweka mpya wa nyuzi tatu, na fyuzi ndogo.

Alikuwa akinicheka ninavyoshika pasi ya kuchomelea. Anasema nashika kama mwiko. Nimecheka pia, na nikakasirika kwamba nimecheka.

25 Desemba

Misa ya Noeli. Wakati wa kupeana amani Mama alisalimia benchi zima, akageuka nyuma akasalimia na benchi la nyuma, mpaka watoto. Baba mdogo alikuwa ng'ambo ya njia, mkono kaunyoosha nusu, akaurudisha. Mwaka jana nisingeuona ule mkono.

8 Januari 2025

Kaja Ngeleja, Msukuma mwenye ng'ombe kule bondeni, na redio ya valvu imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ya marehemu baba yake. Wamehama nayo tangu Shinyanga. Amesikia Milanzi kuna mwanamke anafufua mashine. Salamu peke yake dakika kumi: mimi, mume wangu Evans, watoto, mifugo ambayo sina, shamba, mvua. Redio ina valvu tano. Anataka kujua kama kuna hata moja inayopumua. Nikamwambia asubiri kipima valvu kipone. Kasema ng'ombe wamemfundisha kusubiri.

17 Januari

Imewaka.

Tuliiunga kwanza kupitia balbu ya kawaida, kama baba mdogo anavyotaka: kukiwa na shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu na mashine itapona. Balbu iliwaka, nikafumba macho, halafu ikafifia ikabaki na wekundu tu. Maana yake ndani hamna shoti. Mshale ukatikisika. Baba mdogo kauliza umetikisika kwenda wapi, nikamwambia kulia. Kavua kofia.

29 Januari

Radi mfululizo. Nimechomoa kila kitu ukutani, hata pasi ya nguo.

13 Februari

Naandika polepole, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa.

Asubuhi nilikuwa peke yangu kibandani. Mashine iko wazi, imewashwa, lakini nimeipa nusu ya umeme tu kwa transfoma ya kupandisha umeme kidogo kidogo, maana baba mdogo amekataza kuipa wote mpaka awepo. Napima volti. Mkono wa kulia umeshika kijiti cha mita, wa kushoto umo mfukoni. Kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikasikia hodi, nikageuka: mama mkwe wangu Scola, kashuka na basi kutoka Laela bila taarifa, kikapu kichwani.

Sikufikiri. Hilo ndilo nataka niliandike vizuri. Mtoto wa Kifipa akimwona mkwe hafikiri. Unachuchumaa, macho chini, unakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu. Nimefanya hivyo tangu utoto, hata usingizini naweza. Mkono wa kushoto ulitoka mfukoni wenyewe, ukashika ukingo wa sanduku nipate kushuka, na vidole vya kulia vikateleza kwenye kijiti mpaka kwenye ncha ya chuma, na ncha ilikuwa bado inagusa ndani.

Kifua kilibanwa kana kwamba ng'ombe kanilalia. Halafu niko sakafuni, stuli iko juu yangu, na mama mkwe anauliza kama leo nimekula. Ilikuwa nusu ya umeme. Ungekuwa wote, daftari hili lingeishia Januari.

Mama mkwe alichomoa waya ukutani, akanipeleka zahanati. Wakapima mapigo ya moyo, wakapima tena, wakaniambia yapo sawa, nipumzike. Nikalala pale kitandani, wala sikuwaza umeme. Nilikuwa nawaza habari ya Babu Adolfu, baba yake Mama. Babu alikuwa akiishi Kate. Siku ya msiba, kabla mtu yeyote hajapelekewa habari, kabla hata maiti haijatolewa karakana, yeye alikuwa tayari Milanzi amekaa kwenye tofali nje, kofia mikononi. Namkumbuka kabisa. Miaka yote hii sijawahi kujiuliza alifikaje.

14 Februari

Nimekwenda kwa baba mdogo asubuhi na mapema. Alikuwa anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Sikukaa.

"Babu Adolfu aliingia karakana siku ile," nikamwambia. "Baba alikuwa na mkono mfukoni, akautoa."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Alimsalimia mkwe wake kama alivyolelewa," akasema. "Nilikuwa namtazama. Hata muda wa kumwita jina sikuupata."

Mengine yalitoka kidogo kidogo, nami niliyaokota. Babu alikuja mjini kuuza maharage, akaona apite amwone mkwe. Akasimama mlangoni akapiga hodi. Baba akainama, akaanguka miguuni pake. Hakuna moto, hakuna kelele, hakuna jeraha la kuonyesha watu. Mzee kaja, kapiga hodi, kijana mzima kafa. Miaka ile ungewaeleza watu habari za volti? Wangesema mzee ni mchawi, kaja na kitu. Baba mdogo alikuwa ameshaona kijiji kimoja mzee alivyofanywa kwa jambo dogo kuliko hilo, na alichokiona hakunisimulia. Kwa hiyo wazee walipouliza, akasema haraka, kabla mwingine hajafungua mdomo: ni mimi, nilisahau waya wa ethi. Fundi mzembe anachukiwa, lakini anaachwa aishi.

Nikauliza kama Babu alijua.

"Hakujua. Alikufa anajua mzembe ni mimi. Alipata miaka kumi na tano ya kunichukia, mwanangu. Ni mingi. Kila alipokuja kwenu nilikuwa nikimwona kanisani ananikunjia uso, namshukuru Mungu kwamba yupo."

Hapo nikakaa. Nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, na yeye akanisogezea gunzi jingine nipukuchue, maana hajui kubembeleza. Nilimdhania mwoga. Nilimdhania mjanja. Mungu anisamehe.

Kabla sijaondoka kaniapisha nisimwambie Mama. Kasema Adolfu amelala, tumwache alale. Na Hellena, ndiye Mama, alimpenda baba yake kuliko kitu chochote. Nikaapa.

16 Februari

Kiapo changu kimekaa siku mbili. Naona aibu kuandika.

Mama nilimdanganya kwamba nimeungua na sufuria. Leo, ugali uko mezani, mama mkwe Scola anayetuaga kesho akaanza kusimulia kwa mapenzi yote jinsi mkwe wake alivyo na adabu, alivyomsalimia mpaka umeme ukamrusha. Mama akaweka tonge chini. Akaukamata mkono wangu, akafungua kitambaa, akaangalia.

Akasema Modesti hajatosheka na mume, sasa anataka na mtoto. Akasema kesho anachukua shoka anakwenda kibandani. Akamwita jina ambalo sitaliandika. Akasema mtu yule hana moyo, hajawahi kuwa nao, na hapo mimi nikashindwa. Hasira yangu ni ya Mama mwenyewe, nimeirithi nzima. Nikasema yote. Waya upo, Mama. Umechomelewa vizuri. Aliyepiga hodi ni Babu.

Mama mkwe akatoka nje na sahani yake, mwenye busara.

"Baba yangu?" Mama akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Nikasema Babu hana kosa, alipiga hodi tu, na baba alimheshimu tu. Nikasema na Modesti alichofanya. Mama aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, akaenda kulala.

17 Februari

Shoka liko mahali pake. Nimemweleza baba mdogo kwamba nimevunja kiapo. Kasema: "Haya." Kaniomba nimwache peke yake.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Baba mdogo haji kibandani tangu ile siku. Mama hazungumzi zaidi ya "chumvi" na "funga mlango".

9 Machi

Niliwahi kumwona Mama kama ukuta. Leo nimemkuta kashika ufunguo ule wa kufuli, anaugeuza geuza. Nikatoka polepole. Ni mjane aliyepewa mtu wa kumchukia akiwa na miaka thelathini na mbili, na chuki ndiyo iliyomsaidia kulea. Sasa imechukuliwa, na mkononi kabaki na ufunguo usio na kufuli.

14 Machi

Maharage yameshambuliwa na wadudu. Nimepiga dawa.

20 Machi

Mama kaenda Kate na basi la asubuhi. Hajasema kwa nani.

23 Machi

Karudi, viatu vyote matope. "Kaburi la baba lilikuwa limeota majani," kasema, "nimepalilia." Akala sahani mbili.

2 Aprili

Nafanya kazi peke yangu. Nimefunga taa nyekundu juu ya mlango wa kibanda. Mashine ikiwa wazi na umeme umo, taa inawaka. Chini yake ubao nimeandika mwenyewe kwa rangi: TAA IKIWAKA USIPIGE HODI, SIMAMA NJE, NITAKUJA KUKUSALIMIA.

7 Aprili

Mtaa umechachamaa. Mwanamke gani anaandika watu wazima wasipige hodi? Katekista kanipitia kuniuliza kama nimehama dini. Shangazi mmoja kaniambia nimepata kiburi cha ufundi. Nilitaka kumjibu, nikameza. Nilichofanya ni kuzima, kumwaga kapasita, kutoka nje, kuchuchumaa kwenye matope na kumpigia makofi ya heshima mpaka akasema inatosha. Nimefanya hivyo kwa kila aliyekuja. Magoti yananiuma, lakini wameanza kuzoea.

15 Aprili

Ngeleja kaja, kaikuta taa inawaka, kachutama nje kwenye manyunyu na fimbo yake karibu nusu saa. Nilipotoka alikuwa anacheka. Kasema kwao hata ng'ombe jike akizaa huwa hasalimiwi.

20 Aprili

Pasaka. Mama hakukaa benchi lake. Alikaa nyuma kabisa, peke yake. Mvua imepungua, mahindi mabichi yameanza.

24 Aprili

Nimetuma mtu kwa baba mdogo jana, na ujumbe ulikuwa mmoja: mashine imepona, umekataza isipewe umeme wote mpaka uwepo, basi njoo. Leo saa nne kaja, kanyoa ndevu.

Ngeleja hakuwepo, lakini valvu zake tano nilizipanga mezani kwenye kitambaa. Nikaacha mashine wazi ili nipime volti kwa umeme wote, mara moja tu, halafu nifunge mfuniko tusiufungue tena. Nikawasha taa ya mlangoni. Mkono mfukoni. Nikapandisha mpaka mwisho. Volti zilikuwa kama zilivyoandikwa kwenye ramani. Namsomea moja baada ya nyingine, naye anaitikia kwa kichwa, midomo inatembea, ameshazikariri tangu hatujazaliwa wengine.

Nilipoinua macho nikamwona Mama. Yuko mlangoni, nje ya kizingiti, khanga imelowa mabegani. Hajapiga hodi. Anaitazama taa nyekundu. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Baba mdogo hamwoni, na mimi sikusema kitu. Mkono wangu wa kushoto ulitaka kutoka, nikaukamata ndani ya mfuko kwa kukunja ngumi, nikasoma volti mbili zilizobaki. Sauti yangu ilikuwa mbovu. Baba mdogo kauliza nina mafua.

Nikashusha umeme. Nikazima. Nikamwaga kapasita moja moja kwa kijiti, nikapima: sifuri. Nikafunga mfuniko, skrubu zote kumi na mbili, na muda wote huo Mama hakukanyaga ndani. Ndipo nikazima taa.

Mama akaingia. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kusimama mbele ya ndoo aliyokalia baba mdogo. Akachuchumaa, na miguu yake ilivyo mibovu. Akakutanisha viganja, akapiga makofi ya taratibu. Baba mdogo akageuza uso kuifuata sauti. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shemeji," Mama akasema. "Umembeba baba yangu miaka thelathini na sita. Mtue sasa. Nimekuja kumpokea."

Baba mdogo akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akipapasa, na Mama akaishika yote miwili.

Valvu za Ngeleja nitazipima kesho.